Croydon: Mgonjwa akisema "nina mawazo", mtabibu anaandika nini?

Na Mwandishi Wetu, Croydon

Kila Mswahili anajua maana ya mtu kusema "nina mawazo". Hakusudii kwamba kichwani mwake mna fikra nzuri za biashara. Anakusudia kwamba usiku halali, chakula hakipiti, na kuna jambo linamla ndani kwa ndani. Mwambie hivyo mama yako kwenye simu, atajua papo hapo kwamba hali si hali. Lakini maneno hayo hayo yakipitia kwa mkalimani aliyechoka, kwenye simu inayokatikakatika, yakamfikia mtabibu wa Kiingereza katika chumba kidogo hapa Croydon, yanaweza kuandikwa kwamba mgonjwa ana fikra fulani. Basi. Na mtu mwenye fikra hahesabiwi kuwa ni mgonjwa.

Tumelichagua neno hili moja kwa sababu limebeba mjadala ambao kwa zaidi ya miaka 40 umekuwa ukiendelea katika vyuo, hospitali na jumuiya za Uingereza. Mtabibu wa nafsi anayemtibu mhamiaji afundishwe nini zaidi ya yale aliyofundishwa chuoni? Wataalamu wanayaita mafunzo ya umahiri wa kufanya kazi na watu wa tamaduni nyingine. Kwa lugha yetu sisi, ni swali jepesi kulitamka na zito kulijibu: huyu mtu aliyeketi mbele yako anasema nini hasa?

KWA NINI CROYDON

Msomaji aliye Mombasa, Unguja au Bukavu huenda hajapata kulisikia jina la Croydon. Aliyepita njia ya ukimbizi hapa Uingereza halisahau. Ni mji wa kusini mwa London wenye watu zaidi ya 390,000 kwa sensa ya 2021, una tramu zake, soko lake la Surrey Street na maghorofa yake ya zama za 1960 na 1970. Katika barabara ya Wellesley limesimama jengo la Lunar House, lililopewa jina la mwezi katika zama ambazo Wamarekani walikuwa wakitua huko. Humo ndimo Wizara ya Mambo ya Ndani ilimoweka ofisi zake za uhamiaji, na kwa miaka mingi ndimo waombaji hifadhi waliokwisha kuingia nchini walimotakiwa kwenda kujiandikisha na kufanyiwa mahojiano ya kwanza.

Kwa sababu hiyo Croydon imekuwa mji wa watu waliofika na mfuko mmoja. Mamia ya watoto walioingia nchini bila wazazi waliangukia mikononi mwa halmashauri yake, halmashauri ambayo mwaka 2020, na tena mwaka 2022, ilitangaza rasmi kwamba imeshindwa kusawazisha bajeti. Miongoni mwa waliopita njia hii ya hifadhi wamo wasemaji wa Kiswahili wa kila aina: Wazanzibari waliokimbia baada ya mauaji ya Januari 2001, watu wa visiwa vya Wabajuni kusini mwa Somalia, Wakenya waliotoka baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, na Wakongo wa Kivu ambao vita vyao havijapata kwisha.

Anayeugua nafsi hapa hupitia kwa daktari wa familia, yule ambaye sote tunamwita GP, au hujipeleka mwenyewe kwenye huduma ya tiba ya mazungumzo. Huduma hiyo ya taifa ilianzishwa England mwaka 2008, na mwaka 2023 ikapewa jina jipya la NHS Talking Therapies. Mgonjwa hukutana na mtabibu kila wiki kwa muda usiofika saa moja au unaokaribia hapo, na kila mara hujaza karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, huzuni, uchovu. Kila jibu lina alama, kuanzia sifuri hadi tatu. Alama zikipungua, tiba inahesabiwa kuwa imefanya kazi.

Ni utaratibu mzuri kwa watu wengi. Lakini umejengwa juu ya dhana kwamba mtu akiulizwa hali yake atasema hali yake.

HUJAMBO? SIJAMBO

Hapa ndipo mambo yanapoanza kuharibika, kwenye salamu. Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu "nzuri", "salama", "sijambo" au "alhamdulillahi", hata kama ametoka makaburini muda huo. Ni adabu. Habari mbaya huja nyuma, baada ya kuulizana watoto, mvua na majirani: "Nzuri, ila tumefiwa." Ile "ila" ndiyo habari yenyewe. Mtabibu ambaye hakufundishwa kuisubiri huandika kwenye faili kwamba mgonjwa anasema yu mzima, kisha hutazama saa.

Baada ya salamu kuna macho. Katika uchunguzi wa hali ya akili, madaktari hufundishwa kuangalia kama mgonjwa anawatazama usoni. Asiyetazama anaweza kuandikwa kuwa amejifunga au ana jambo analificha. Sasa mchukue kijana wa Pemba au wa Lamu, aliyelelewa akijua kwamba kumkodolea macho mkubwa wako ni utovu wa adabu. Anainamisha kichwa kwa heshima, na heshima yake inaingizwa kwenye faili kama dalili.

Mchukue na mzee wa miaka 60, anayeitwa kwa jina lake tupu na binti wa miaka 26, bila shikamoo, bila "mzee", halafu katika dakika ya kumi anaulizwa mambo ya chumbani kwake. Mzee huyu hatasema kwamba amevunjiwa heshima. Ataitikia yote, atashukuru sana, na wiki inayofuata hatarudi. Katika takwimu ataingizwa miongoni mwa walioacha tiba kwa hiari yao.

Na kuna mwili. Wengi wetu hatusemi "nina huzuni". Tunasema kichwa kinanigonga, moyo unanienda mbio, mwili unawaka moto, roho inanipaa. Mtabibu asiyejua husikia maradhi ya kichwa na ya moyo, akamrudisha mgonjwa kwa GP akapimwe damu. Damu inatoka safi. Mgonjwa anaambiwa hana kitu. Anarudi nyumbani na mawazo yake.

KISWAHILI KIPI?

Kwenye fomu mna kisanduku kimoja cha lugha, na ndani yake huandikwa Kiswahili. Mkalimani anayeletwa anaweza kuwa mtu wa Dar es Salaam, na mgonjwa ni mama wa Kibajuni kutoka kisiwa cha Chula au Koyama. Au mgonjwa ni mtu wa Bukavu, ambaye Kiswahili chake kimelelewa pamoja na Kifaransa. Watasikilizana, ndiyo, kama wasikilizanavyo watu sokoni. Kuelezea usiku ambao mtu alimpoteza mwanawe si mazungumzo ya sokoni.

Wabajuni wana sababu ya ziada ya kuogopa. Kwa miaka mingi usemi wao ulirekodiwa kwa niaba ya Wizara na kupelekwa kwa wachambuzi wa lugha, ili iamuliwe kama kweli wametoka Somalia au ni watu wa Kenya wanaojisingizia. Mtu ambaye matamshi yake yaliwahi kutumika kumpinga, leo anaambiwa azungumze kwa uhuru mbele ya msikilizaji mwingine asiyemjua. Ni nani kati yetu angefunguka?

Upande wa pili yuko mkalimani anayejulikana mno. Jumuiya zetu hapa ni ndogo. Anaweza kuwa jirani, au mtu wa msikiti mmoja au kanisa moja na mgonjwa, au mfuasi wa chama kile kile kilichomfanya mgonjwa akakimbia. Sisi ambao kalamu ndiyo iliyotutoa nyumbani tunaijua hofu hiyo. Tumeketi kwenye vyumba vya kungojea tukisikiliza lafudhi ya anayeingia, kabla ya kuamua tuseme tumetoka mji gani.

Mambo haya yanafundishika. Mtabibu aliyefunzwa humuuliza mgonjwa mapema ni mkalimani gani anayemfaa, mwanamume au mwanamke, wa eneo gani, na yupi asiyemtaka. Huzungumza na mkalimani dakika chache kabla ya kikao, na tena baada ya kikao, maana mkalimani naye ni binadamu na anaweza kurudi nyumbani na jinamizi la mtu mwingine. Husema kwa sentensi fupi, akimtazama mgonjwa na si mkalimani. Hamruhusu mtoto wa miaka 12 kuwa mkalimani wa mama yake. Na neno likija ambalo halina mwenzake katika Kiingereza, humwomba mkalimani asilifiche, aliseme kama lilivyo na kulieleza. "Mawazo" ni neno la aina hiyo.

JINI, MAREHEMU NA FAILI

Sasa tuje penye ugumu wenyewe. Mjane anasema: "Marehemu mume wangu huja usiku akaniita." Kauli hiyo inaweza kuwa ndoto, na pengine ni ndoto inayomfariji. Inaweza kuwa majonzi ya kawaida ya mtu aliyezika mbali, au ambaye hakuzika kabisa, hakukaa matanga, wala hajui kaburi liko wapi. Inaweza pia kuwa ni maradhi mazito ya akili yanayohitaji dawa leo, si wiki ijayo.

Asiyefunzwa ana makosa mawili ya kuchagua. La kwanza ni kuona wazimu pasipo na wazimu, akampeleka mjane wa watu wodini kwa sababu ametaja wafu. La pili linazungumzwa kwa nadra, nalo ni baya vile vile: kusema "huo ni utamaduni wao", akafunga faili, na mgonjwa halisi akaachwa aangamie kwa jina la heshima. Ndivyo ilivyo kwa anayesema ana jini, amerogwa, au ametupiwa jicho la husuda. Heshima ya kweli ni kuuliza zaidi. Sauti hiyo inakuja lini? Inakuamrisha jambo? Nyumbani kwenu watu wangeichukuliaje? Shangazi yako angesema ni jambo la kawaida, au angekupeleka hospitali?

Swali la shangazi linaweza kumsaidia mtabibu kuliko kitabu kizima cha mila za Waafrika.

WALIOANZA KUULIZA

Mafunzo haya hayakuletwa na hisani. Mwaka 1983 mtabibu mzaliwa wa Bara Hindi, Jafar Kareem, alifungua kaskazini mwa London kituo cha tiba kwa watu wa tamaduni mbalimbali, akakiita Nafsiyat. Mswahili haambiwi maana ya jina hilo; nafsi ni neno letu pia. Wakati ule wapo wataalamu walioamini kwamba tiba ya mazungumzo haiwafai watu weusi na wahamiaji, kwamba hawa ni watu wa dawa tu. Kareem alikataa. Alishikilia kwamba ukoloni, ubaguzi, umasikini na safari ya mgonjwa vyote vimo ndani ya chumba cha tiba, na kwamba ni wajibu wa mtabibu kulifungua jambo hilo, asimwachie mgonjwa peke yake mzigo wa kulianzisha. Kareem alifariki mwaka 1992. Kituo chake kingali kinatibu watu kwa lugha nyingi.

Serikali ilichelewa, na ilisukumwa na vifo. Mwaka 1998 David Bennett, mzaliwa wa Jamaica, alikufa katika kliniki ya Norwich baada ya kukandamizwa sakafuni na wahudumu. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2004 ilitaka kila mfanyakazi wa huduma za afya ya akili afundishwe kuelewa tamaduni za wagonjwa. Mwaka uliofuata ukatangazwa mpango wa miaka mitano wa usawa.

Mpango huo ulifikia mwisho wake mwaka 2010. Mwaka huo huo, katika Hospitali ya Bethlem Royal, hospitali yenye historia inayoanzia mwaka 1247 na iliyopo Beckenham, jirani kabisa na Croydon, kijana mweusi wa miaka 23 aitwaye Olaseni Lewis alikandamizwa na polisi 11, na baadaye akafa. Alikuwa amekwenda kutafuta matibabu mwenyewe, akisindikizwa na jamaa zake. Mwaka 2017 baraza la uchunguzi wa kifo lilisema nguvu iliyotumika ilipita kiasi. Mbunge wa Croydon Kaskazini wakati huo, Steve Reed, alipeleka bungeni mswada uliokuwa sheria mwaka 2018, unaozibana hospitali za akili katika matumizi ya nguvu na kuzilazimisha kuwafunza wafanyakazi wake. Watu wanaiita Sheria ya Seni.

Lewis alikuwa kijana wa hapa hapa London, na Kiingereza kilikuwa lugha yake. Tunamtaja kwa sababu habari yake imeenea katika kila nyumba ya watu weusi kusini mwa London, na mhamiaji anayefika leo huipata kabla hajaipata anwani ya kliniki. Takwimu za England zimekuwa zikionyesha kwamba watu weusi wanazuiwa hospitali kwa nguvu ya sheria ya afya ya akili zaidi ya mara tatu ya wazungu. Kwa hiyo mtabibu anayeshangaa kwa nini mgonjwa wake hafunguki, ajue kwamba anayeketi mbele yake ameshasikia mengi.

KOZI INAYODHURU

Lakini je, kila mafunzo ni mazuri? Mwaka 1998 madaktari wawili wa California, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, walisimulia kisa cha muuguzi mmoja Mmarekani mweusi. Mgonjwa mwanamke wa asili ya Amerika ya Kilatini alikuwa akiugulia baada ya kupasuliwa. Daktari mwenye asili hiyo hiyo akapita, akasema huyu mama anaonekana ana maumivu makali. Muuguzi akamjibu kwamba amesoma kozi ya tamaduni, na anajua kuwa watu hawa hutia chumvi katika maumivu yao.

Kozi ilimtia upofu. Alikuwa na orodha kichwani, na orodha ikamzuia kumsikia mtu anayelia. Madaktari wale wakapendekeza kitu walichokiita unyenyekevu: mtabibu akubali kwamba hatamaliza kujifunza, na kwamba mgonjwa ndiye mwalimu wa maisha yake mwenyewe.

Hilo ndilo sisi tunalolishikilia katika makala hii. Mafunzo ya nusu siku kwenye kompyuta, yanayosema Waislamu wako hivi na Waafrika wako vile, yanaweza kumfanya mtabibu awe kiziwi kuliko alivyokuwa. Mzanzibari wa Croydon anaweza kuwa mcha Mungu, anaweza kuwa mlevi, anaweza kuwa yote mawili. Waswahili tunasema mgonjwa haulizwi uji. Kwa mgonjwa wa homa ni sawa. Mgonjwa wa nafsi lazima aulizwe, na aulizwe yeye.

Maswali yenyewe yapo. Tangu miaka ya 1970 daktari wa Kimarekani Arthur Kleinman amekuwa akiwahimiza madaktari wamuulize mgonjwa analiitaje tatizo lake, anadhani limeletwa na nini, kwa nini limeanza wakati ule, linamfanyia nini, na analoliogopa zaidi ni lipi. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza katika mwongozo wake mahojiano ya maswali 16 yanayofuata njia hiyo. Hayahitaji mashine. Yanahitaji muda na sikio.

SOMO KUTOKA KWETU

Anayedhani ustadi huu ni wa Wazungu atazame magharibi mwa Ziwa Victoria, na kusini zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikwenda wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, mahali palipopukutishwa na ukimwi. Kabla ya kupima chochote waliwauliza wanavijiji matatizo yao wanayaitaje. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda, okwekyawa, mtu kujichukia, na okwekubazida, mtu kujisikitikia. Tiba ikajengwa juu ya maneno hayo. Vikundi katika vijiji 30 viliingizwa katika jaribio, na walioviongoza ni watu wa huko huko, wasio madaktari, waliofunzwa kwa wiki mbili. Vikao 16 vya kila wiki baadaye, waliotibiwa walikuwa wamepata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakutibiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003.

Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, wawasikilize wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi hao hawakuzungumzia sonona. Walizungumzia kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Msomaji atakuwa ameshalitambua: hayo ni mawazo yetu yale yale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba benchi lile linaponya, na sasa neno kufungisisa limo katika ule mwongozo wa Kimarekani wa 2013. Mawazo ya Kiswahili bado yanangoja mkalimani.

KINACHOPIGANIWA

Kwa mwomba hifadhi, kukosewa kusikilizwa kunagharimu zaidi ya kukosa tiba. Aliyeteswa au kubakwa aghalabu hasemi yote siku ya kwanza mbele ya afisa. Kumbukumbu za kiwewe hazikai kwa mpangilio wa tarehe. Miezi baadaye, akimwamini mtabibu, husema. Ripoti ya mtabibu anayefuata Itifaki ya Istanbul, ambao ni mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1999 wa kuchunguza na kuthibitisha mateso, inaweza kumweleza hakimu kwa nini kauli ya pili haikufanana na ya kwanza. Ripoti iliyoandikwa na asiyejua kusikiliza inaweza kumpa mpinzani silaha.

Na wengine hawafiki kwa hakimu. Kati ya mwaka 2017 na 2019 vijana wanne wa Kieritrea, marafiki wa kundi moja waliokuja Uingereza wakiwa watoto bila wazazi, walijiua katika muda wa miezi 16. Waeritrea wa London hawakungoja serikali. Mwaka 2018 walianzisha Da'aro Youth Project ili vijana wao wawe na watu wazima wa lugha yao wa kuwakimbilia. Hapa Croydon shirika la Off the Record limekuwa likitoa ushauri nasaha kwa vijana tangu 1994, wakiwemo wakimbizi, na Young Roots huwasaidia vijana waombaji hifadhi.

Kwa upande wa serikali, mwaka 2023 NHS England ilitoa utaratibu mpya unaozitaka taasisi zote za afya ya akili zionyeshe zinafanya nini kuondoa ubaguzi wa rangi katika huduma zao. Taasisi ya South London and Maudsley, inayohudumia Croydon, ilikuwa miongoni mwa zilizoujaribu mwanzo. Ni hatua. Lakini majina ya mshauri nasaha na mtabibu wa mazungumzo bado hayalindwi na sheria Uingereza, na yeyote anaweza kuyatundika mlangoni. Vyama vya taaluma vina masharti yao kwa wanachama. Asiye mwanachama hana wa kumuuliza. Na hata aliyefunzwa vizuri, akipewa vikao sita na mkalimani wa simu, atafanya nini? Kikao chenye mkalimani huchukua takriban mara mbili ya muda. Bajeti isiyokubali hilo imekwisha kuamua nani apone.

HAKI YAKO

Nasi tuna la kujirekebisha. Tumezoea kumwita mgonjwa wa nafsi kichaa, na kumficha chumbani hadi hali iharibike. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi ndugu msomaji uliye England, jua haya. Kujiandikisha kwa GP ni bure kwa kila mtu, na haki hiyo haifungwi na pasipoti wala uthibitisho wa anwani. Mkalimani ni bure. Muombe unapopanga miadi, taja Kiswahili chako ni cha wapi, na ukitaka mwanamume au mwanamke sema. Ukimtilia shaka mkalimani uliyeletewa, omba mwingine. Unaweza kujipeleka mwenyewe NHS Talking Therapies bila kupitia kwa GP. Unayoyasema kwa mtabibu ni siri, isipokuwa pakiwa na hatari kubwa ya mtu kudhurika au amri ya mahakama. Tunajua watu wana khofu na hilo, na khofu hiyo haikuzuka hewani: mwaka 2017 palikuwa na makubaliano ya kuipa Wizara ya Mambo ya Ndani anwani za wagonjwa. Yalipigiwa kelele na madaktari na wabunge, na mwaka 2018 yakasitishwa.

Mambo yakizidi, piga 111 na uchague namba 2, saa yoyote. Samaritans wanapatikana bure kwa 116 123.

Na mtabibu akikuuliza hujambo, si lazima umjibu sijambo. Mwambie "nina mawazo", kwa Kiswahili, kisha mwambie akuulize maana yake.